Mwamuzi Aliyekimbia

Mwangangi alishona jezi kumi na nane za mchezo asioujua, na koti moja jeusi refu ambalo hakujua kwamba litavaliwa na yeye.

Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na nane, Idi imepita kama wiki mbili. Mvua kubwa zilikuwa zimeikata barabara ya Lunga Lunga mahali pawili, na mahoteli ya Diani yalikuwa matupu tangu vurugu za Agosti, watu wa bara walipofukuzwa pwani. Kabla ya Agosti hiyo, Mwangangi alikuwa na chumba chake cha ushonaji pale Ukunda. Chumba kilichomwa, na cherehani mbili ndani. Yeye mwenyewe aliponea kwa miguu. Sasa alikuwa amerudi Ramisi, kwenye kishamba alichoachiwa na babake aliyekuja kutoka Kitui kukata miwa, akikaa na mkewe Dianah na binti yao Kaindi, na kushona kwa cherehani ya kuazima.

Aliyempa kazi ya zile jezi ni Bwana Hirji, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa na misumari pale Msambweni. Siku aliyoleta kitambaa, Hirji alikaa juu ya gunia akaeleza.

"Babangu alikuwa na mashine ya sinema, fundi. Akiipakia kwenye lori, akienda nayo kambi zote za miwa. Filamu yenyewe moja, tena haina sauti. Watu wakiiona kila mwezi na kila mwezi wakicheka mpaka wakilia. Hata babako aliiona, naapa."

"Ilikuwa ya nini?"

"Mchezo wa Wamarekani. Kama raunda ile ya shuleni, ila wachezaji ni wanaume wazima, na rungu ni refu hivi. Kijiji kimoja chacheza na kijiji cha jirani. Mwamuzi hakuja, basi wakamshika kinyozi awe mwamuzi, na kinyozi macho yake mabovu. Kila akiamua, aamua makosa. Mwisho timu zote mbili zamkasirikia, zamfukuza na marungu mji mzima, mpaka ajitumbukize ndani ya pipa la maji." Hirji alicheka peke yake. "Filamu ilioza kwa unyevu. Mimi nina miaka sabini na miwili. Kila kipande chake nakikumbuka. Nikifa, itakuwa imekwisha kabisa."

Alikuwa amenunua kamera kuukuu ya kutiwa ufunguo kama saa, na mwanawe aliyeko Uingereza alikuwa amemtumia mikanda. Wachezaji alishawapata, timu ya soka ya vijana wa Gazi na Msambweni. Uwanja pia alikuwa nao, ule wa zamani wa kiwanda cha sukari, uliozungukwa na miwa iliyokuwa ikijiotea bila mwenyewe tangu kiwanda kifungwe. Kilichobaki ni kinyozi.

"Wewe una miguu mirefu," Hirji alisema. "Na uso wako wachekesha hata usipofanya kitu. Usikasirike."

Mwangangi hakukasirika. Moyoni alijua angetakiwa kukataa. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuhurumiwa, na aliona kwamba mtu akichekwa uwanjani mchana kweupe, na vijana wa upande ule uliomfukuza, huenda usingizi wake ukarudi. Akakubali. Hakumweleza Dianah. Alimwambia tu kwamba aenda kupima jezi.

Siku ya kupima, kijana mmoja wa Gazi alivaa jezi yake, akaivua, akaikunja vizuri na kumrudishia. Jina lake Chirau, mvuvi, beki wa timu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Yakubana?" Mwangangi aliuliza.

"Yanikaa vizuri, fundi. Lakini mimi rungu sitalishika."

"Kwa nini?"

Chirau aliangalia mlangoni kwanza. "Baada ya Agosti nilikaa ndani wiki tatu. Ile siku yenyewe nilikuwa baharini, watu wote wa Gazi wajua. Askari walinishika njiani na kapu la samaki. Wakaniuliza marungu yako wapi, mapanga yako wapi. Wiki tatu, fundi, swali ni hilo hilo." Alikunja vidole vya mkono wa kulia, viwili vikabaki vimenyooka. "Sasa nikaonekane nakimbiza mtu wa bara na rungu mkononi? Mchana?"

Mwangangi alimtazama. Tangu Agosti hakuwa amewahi kufikiria kwamba kuna mtu upande wa pili anayeogopa kama yeye. Maneno yakamtoka upesi, bila kuyapima.

"Mtu wa bara mwenyewe ni mimi. Nitakuwa pale pale mbele yako. Nani atasema neno? Akija yeyote kuuliza, mimi ndiye nitakayejibu."

"Utajibu?"

"Nitajibu."

Chirau aliichukua jezi.

Jumamosi asubuhi walikutana uwanjani. Mwangangi alivalishwa lile koti jeusi, kofia ya duara, na kifuani akafungwa kipande cha godoro kwa kamba, maana Hirji alisema waamuzi wa mchezo ule hujikinga hivyo. Vijana walipomwona walicheka mpaka wakakaa chini. Nassir, golikipa, ambaye hakuweza kunyamaza hata dakika, alimzunguka akimwita "bwana harusi." Mwangangi naye akacheka. Kucheka kwenyewe kulimuuma mbavu, kwa kuwa kulikuwa kugeni.

Walicheza vipande vya mwanzo. Mpira ulirushwa, rungu likapiga hewa, mwamuzi akaamua makosa, vijana wakajishika vichwa. Kisha wakajaribu kile kipande cha kufukuzana. Njia ilikuwa imepangwa: kutoka katikati ya uwanja, kupita jukwaa la saruji lililopasuka, kushika kijia cha katikati ya miwa, hadi kwenye pipa la maji ambalo Hirji alikuwa amelisimamisha njiani. Mara ya kwanza walimfukuza wakipiga mayowe na vigelegele, Nassir akiimba nyimbo za harusi, na Mwangangi alifika kwenye pipa akihema kwa kicheko.

Hirji hakupendezwa.

"Mwacheka! Wale wa kwenye filamu hawakucheka. Walikuwa na hasira ya kweli, ndiyo maana sisi tulicheka. Sasa tunapiga picha. Fungeni midomo. Sauti haiingii kwenye kamera hata mkipiga kelele, basi nyamazeni, mkazeni nyuso. Mtu yeyote asitoe sauti."

Vijana walijipanga. Hirji akatia kamera ufunguo, akainua mkono, akaushusha. Mwangangi akakimbia.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa za mchezo. Alipopita jukwaa alisikia miguu nyuma yake. Miguu mingi, peku, juu ya udongo mbichi. Na pumzi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeita.

Kule Ukunda hawakuita. Hilo hakuwahi kumweleza mtu, hata Dianah. Watu walipomuuliza walidhani waliomfukuza walikuwa wakipiga ukelele, na yeye aliwaacha wadhani hivyo. Kwa kweli walimkimbiza minazini kimya, miguu yao ikilia puh puh puh kwenye mchanga, na aliweza kusikia mmoja wao akimeza mate.

Sasa aliisikia tena. Alijiambia kwamba ni Nassir, ni Chirau, ni jezi alizozishona kwa mkono wake. Kichwa kilikubali. Miguu haikukubali. Aliliona pipa likija, jekundu, maji yamejaa hadi ukingoni, akalipita.

"Huko siko!" Sauti ya Hirji ilisikika mbali nyuma. "Fundi! Pipa!"

Miwa ilikuwa mirefu kuliko yeye na majani yake yalimkata mashavu. Kofia ilianguka. Godoro lilimbana kifua, pumzi haikuingia, na mdomo wake ulikuwa wazi bila kutoa hata neno. Nyuma yake miguu ile mingi ilikuwa imesimama. Lakini jozi moja haikusimama. Ilimfuata, nyepesi, ya mtu aliyezoea kukimbia, na kila alipoongeza mwendo nayo iliongeza.

"Fundi, simama!" mtu huyo aliita. "Simama!"

Alikuwa Chirau. Alikuwa amemwona Mwangangi usoni alipolipita pipa, akajua kwamba mtu yule hachezi tena, akamfuata ili amtulize. Rungu hakulikumbuka. Lilikuwa bado mkononi.

Kijia cha katikati ya miwa kilitokea kwenye mashamba ya watu wa bara, nyumba kama ishirini. Baada ya Agosti walikuwa wametundika kipande cha chuma cha reli kwenye mti wa mwarobaini karibu na kisima, wakakubaliana kwamba kikigongwa kila mwanamume atoke na alicho nacho. Miezi sita kilikuwa hakijagongwa. Dianah alikuwa kisimani na ndoo. Alimwona mumewe akitoka kwenye miwa, koti jeusi likipepea, damu mashavuni, na nyuma yake kijana mwenye rungu.

Alikigonga chuma kwa nguvu zake zote.

Mwangangi alisikia mlio huo na ukamzidishia hofu, kwa kuwa maana yake aliijua: wamekuja. Alimpita mkewe bila kumwona. Aliingia nyumbani kwake, akajitupa chini ya kitanda, akajisukuma hadi ukutani nyuma ya magunia ya mahindi. Huko akaziba mdomo kwa kiganja.

Nje kulikuwa na miguu, kisha sauti. Ya kwanza aliyoitambua ilikuwa ya shemeji yake Munee, kaka ya Dianah, aliyepoteza duka lake Likoni na ambaye tangu hapo hakuwahi kulala bila panga.

"Weka chini! Weka chini hilo rungu!"

"Nimeweka! Nimeweka, bwana. Ni mchezo."

"Mchezo?"

"Twacheza sinema. Muulizeni fundi. Wallahi muulizeni fundi Mwangangi, mwenyewe yumo humo ndani. Fundi!"

Mwangangi alisikia jina lake. Alimjua anayeita. Alijua kabisa, kama mtu ajuavyo jina la mwanawe, kwamba yule ni Chirau wa Gazi na kwamba asemalo ni kweli. Alitaka kutoka. Aliuambia mkono wake usukume gunia, na mkono ukabaki mdomoni.

Pigo la kwanza lilisikika kama mtu anapasua kuni mbichi. Chirau alipiga ukelele.

"Fundi! Toka uwaambie! Fundi!"

"Hata majina yetu wanayajua," mtu alisema.

"Mwezi wa nane pia walikuja wanatuita kwa majina."

"Mfungeni. Mfungeni kwanza, wenzake wako nyuma."

Pigo jingine. Safari hii Chirau hakuita fundi, alimwita mamake. Mwangangi alifumba macho. Chini ya kitanda kulikuwa na harufu ya panya na mahindi, na haja ndogo ilimtoka, ikamtiririka pajani bila yeye kuweza kuizuia. Alisikia Munee akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, "Lete hilo panga."

Mlango ulifunguliwa. Miguu ya Dianah ilisimama kando ya kitanda, kisha akapiga magoti, na uso wake ukatokea pale chini.

"Baba Kaindi. Yule mtu wamjua au humjui?"

Alifumba macho tena.

"Niangalie mimi. Asema ni mchezo. Nimegonga chuma mimi, na sasa Munee ana panga. Wamjua au humjui?"

"Namjua," alisema. Ilikuwa sauti nyembamba, kama si yake.

"Basi toka."

Alimshika kifundo cha mkono akamvuta, na Mwangangi akatoka kwa kiwiko na goti, koti limejaa vumbi.

Nje walisimama wanaume tisa au kumi. Chirau alikuwa chini, amelalia ubavu, mkono wa kulia umepinda mahali pasipo kiungo, na Munee amemkanyaga begani. Lakini hawakuwa wakimwangalia yeye. Walikuwa wakiangalia miwa. Timu nzima ilikuwa imetokea pale kijia kinapoishia, kwa sababu walisikia ukelele wa mwenzao. Walisimama na zile jezi zao za mistari, marungu mikononi, Nassir mbele. Hakuwa akisema kitu.

"Haya, ndio hao," Munee alisema. "Si nilisema?"

"Mwacheni mwenzetu!" Nassir aliita.

"Njoo umchukue!"

"Ni mchezo," Mwangangi alisema. Hawakumsikia. Akasema tena kwa nguvu. "Munee! Ni mchezo! Nilikuwa nacheza nao mimi. Hii nguo si unaiona? Hizo zao nimezishona mimi! Nilikimbia mwenyewe, hofu ilinishika, yeye alinifuata anitulize. Muondolee mguu."

Munee alimtazama kutoka kofia isiyokuwepo hadi suruali iliyolowa. Macho yake hayakuwa na dharau, yalikuwa na huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Shemeji, wewe unawaogopa. Unasema hivyo kwa kuwa unawaogopa. Nenda ndani."

"Nassir, tupeni hayo marungu!" Mwangangi aliita.

"Tukitupa, watatukata!"

Na ilikuwa kweli, huenda wangekatwa. Pande zote mbili zilikuwa zimesogea hatua moja bila mtu kuamua. Mwangangi aliona mikono ya wale vijana ikikaza mashiko, akaona shingo za majirani zake. Kulikuwa na uwanja mtupu kati yao, kama hatua thelathini, wenye kuku wawili.

Akaanza kuuvuka.

Alitembea kuelekea kwenye marungu. Kila hatua ilimgharimu. Alipofika katikati alitamani sana kukimbia, popote, hata kurudi chini ya kitanda. Sura za wale vijana zilikuwa zimekazana kama Hirji alivyotaka. Aliwafikia. Akapita kati ya Nassir na mwenzake, kiasi cha kuwagusa mabega, akageuka akasimama nao, mgongo wake kwa wale wenye marungu, uso wake kwa watu wa kwao.

"Munee," alisema, "wangetaka kuniua, si hawa hapa nyuma yangu?"

Nyuma ya sikio lake alisikia mtu akipumua kwa kasi. Akangoja. Hakugeuka, kwa kuwa alijua akigeuka atakimbia.

Dianah ndiye aliyesogea. Alikwenda kwa kaka yake akashika panga kwenye ubapa, kwa mkono mtupu, wala hakulivuta, alilishika tu. Baada ya muda Munee aliliachia. Kisha akaondoa mguu begani mwa Chirau. Hapo Nassir akatupa rungu chini, na wengine wakatupa yao. Nassir akakaa pale pale kwenye udongo, akaanza kulia kwa kwikwi.

Bwana Hirji alifika akitweta, viatu mkononi, matope hadi magotini. Aliona mkono wa Chirau. Alirudi akaleta pikapu yake, wakamlaza Chirau nyuma kwenye jezi zilizovuliwa, na Mwangangi akapanda naye. Chirau alikuwa macho. Njia yote hadi hospitalini alitazama angani, na Mwangangi alipomwita hakuitika. Walipokaribia lango ndipo aliposema:

"Waambieni nilianguka mnazini."

"Chirau, nitasema kweli. Nitasema yote."

"Nilianguka mnazini! Ukisema rungu, watakuja askari. Wataniuliza rungu la nani."

Wakasema alianguka mnazini. Munee hakuulizwa lolote na mtu yeyote.

Filamu haikumalizika. Hirji alikitoa kile kipande cha mkanda kwenye kamera, akakifungua juani mbele ya duka lake mpaka picha zote zikaungua. Alimlipia Chirau dawa, na hakuzungumza tena habari za babake.

Mwangangi alikaa siku nane kabla ya kwenda Gazi. Hakuwa amekanyaga kijiji cha Wadigo, wenyeji wa pwani ile, tangu Agosti. Kutoka barabarani hadi nyumba za kwanza si mbali, lakini alisimama mara mbili. Wanawake wawili waliotoka mikokoni na kuni walimsalimu, akaitikia, akahisi macho yao mgongoni muda mrefu. Aliuliza nyumba ya Mbodze, mamake Chirau. Alionyeshwa.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mbodze alikuwa akichambua dagaa kwenye uteo. Hakuinuka. "Wewe ndiwe fundi."

"Ndimi."

"Nimeambiwa ulichelewa kutoka."

"Nilichelewa, mama. Nilimsikia akiniita, nami sikutoka."

Alikuwa ameandaa maneno mengine mengi njiani. Yote yakampotea. Mbodze aliendelea kuchambua, akitupa vichwa upande mmoja.

"Nyumba hii iligongwa mlango mwezi wa tisa," alisema baadaye. "Askari walikuwa wakimtafuta nduguye Chirau. Mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda hicho. Wakamvuta mkwe wangu kwa nywele, nami sikutoka. Basi usiniambie mimi vile mtu anavyochelewa. Najua." Alifuta mikono. "Lakini mkono wa mwanangu, huo siwezi kukusamehe leo. Siku nyingine huenda. Leo la."

"Sawa, mama."

Chirau alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa ua muda wote huo, mkono umefungwa plasta. Alimgeukia Mwangangi.

"Watanifungua plasta mwezi ujao," alisema. "Njia ya kwenda hospitali, watu wasema kwamba mimi ndimi niliyevamia Ramisi. Sitaki kwenda peke yangu."

"Nitakuja kukuchukua."

"Usichelewe."

Mwezi uliofuata, siku ya plasta, alifika mapema kabla ya jua kuwa kali, na wakaenda. Hospitalini walikaa kwenye benchi refu la mbao. Watu wengine walikuwa wakinong'ona. Mara akaingia askari wa kituo cha polisi, amevaa sare, na kwenye benchi lile vijana wawili waliinuka wakatoka. Chirau aliganda. Mkono wake usio na plasta ulishika ukingo wa benchi, na Mwangangi naye alijikuta ameinamisha kichwa, akihesabu vigae vya sakafu, hata hakujua kosa lake ni lipi. Askari alikohoa. Alikohoa tena, kikohozi kirefu cha kifua, akaenda dirisha la dawa akapewa chupa, akatoka.

Muuguzi aliita jina la Chirau. Mkasi ulipomaliza plasta, mkono ulitoka mwembamba na umepinda kidogo chini ya kiwiko.

"Mkono huu utavuta nyavu?" Chirau aliuliza.

"Utavuta," muuguzi alisema. "Sio mwaka huu."

Chirau aliugeuza mkono polepole, akiutazama upande huu na upande ule. Kisha akaushusha ndani ya mkono wa shati, na Mwangangi akamfungia kifungo.